Kupima Mchujo wa Mwarobaini Bila Panya wala Sungura: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Mombasa

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti, simu yangu haipoi. "Shikamoo mwalimu. Panya weupe wanapatikana wapi hapa Mombasa?" Hujibu marahaba, kisha namuuliza mwenye simu: wa kazi gani, mwanangu? Hapo huingia kimya. Wengi hawana jibu ila kwamba mwaka jana fulani alitumia panya, mwaka juzi vilevile, na ile tasnifu wanayoiiga muundo panya wamo.

Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na panya niliowadunga sindano sina idadi yao. Kwa hiyo siandiki kama mtu asiye na doa. Naandika kwa sababu vipimo vingi tulivyowafanyia havikuhitaji mnyama kabisa, na baadhi vilitupa jibu bovu kuliko lile ambalo tungelipata kwingine kwa pesa kidogo.

Nitafuata mradi mmoja tangu mtini hadi mbele ya kamati: mafuta ya kupaka ngozi yaliyotiwa mchujo wa majani ya mwarobaini. Huu ndio mradi ninaoletewa mara nyingi kuliko yote. Mti wenyewe umejaa kuanzia Likoni hadi Kisauni, na jina lake tu linadai maradhi arobaini. Kama wewe una mlonge au mshubiri, njia ni hiyo hiyo.

Kabla ya yote: mbadala ni nini?

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni tatu ambazo kamati za maadili huzitumia hadi leo: kumwacha mnyama kabisa pale inapowezekana, kupunguza idadi pale isipowezekana, na kumpunguzia maumivu yule atakayebaki. Mpangilio huo una maana. Huruki ya kwanza ukaenda ya pili kwa sababu ya pili ni rahisi kuandika.

Mfano ulio karibu nawe uko kwenye duka la dawa lolote: kijiti cha kupima mimba. Katika miaka ya 1920 na 1930, mkojo wa mwanamke ulidungwa panya au sungura, kisha mnyama akapasuliwa ili ovari zake zitazamwe. Baadaye akaletwa chura wa Afrika Kusini, ambaye angalau alitaga mayai akabaki hai. Leo karatasi yenye kingamwili inanasa homoni ile ile ndani ya dakika chache, na binti anajipimia mwenyewe chooni. Hakuna aliyeunda sungura wa bandia. Waliokuja baadaye walitambua kwamba sungura alikuwa akiulizwa jambo moja tu, kama homoni imo au haimo, na jambo hilo karatasi inalijua vizuri zaidi.

Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu umeshausoma.

Hatua ya 1: Vunja swali lako

Chukua karatasi. Andika juu: je, mafuta haya ni salama? Swali hilo halina kipimo hapa duniani, hata ukiwa na panya elfu. Sasa livunje, kila kipande mstari wake:

- Mchujo unaua seli za mtu? Kwa ukolevu gani?
- Unawasha au kuchoma ngozi?
- Ukiingia jichoni je?
- Unaleta mzio kwa anayeupaka mara kwa mara?
- Ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua inadhurika?
- Ukipenya hadi kwenye damu, unapasua chembe nyekundu? Unaumiza ini?
- Mjamzito akiutumia miezi mitatu?

La jua usilidharau. Sisi si watu wa Ulaya. Mtu wa hapa akijipaka asubuhi, saa sita yuko juani akingoja matatu. Ipo michanganyiko ya mimea isiyo na neno gizani lakini inayounguza ngozi kwenye mwanga.

Mbele ya kila mstari andika ni nani anayeweza kulijibu: kompyuta, seli, yai, jicho la ng'ombe, damu ya mtu aliyeridhia. Utaona mistari mingi inapata mwenyewe. Mmoja au miwili itabaki mitupu, na hiyo tutaifikia.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokwisha fanywa

Wiki mbili za kusoma zimewahi kumwokolea mwanafunzi wangu mwaka mzima. PubMed, hazina ya makala za tiba, na PubChem, hazina ya kemikali, ni za bure. Tafuta kwa jina la kisayansi, Azadirachta indica, kwa kuwa "neem" peke yake itakuletea sabuni na dawa za meno. Kisha pakua miongozo ya vipimo ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi. Nayo ni ya bure, na kila kipimo kina namba yake. Namba hizo zikariri kama namba za magari ya njia yako: 439 ni mwasho wa ngozi, 437 na 492 ni macho, 432 ni madhara ya mwanga, na 442 zenye herufi C, D na E ni mzio. Pendekezo lenye namba hizi husomwa kwa jicho lingine.

Utakutana pia na kipimo cha kiasi kinachoua nusu ya wanyama, kile kilichobuniwa na Trevan mwaka 1927. Utakikuta kwenye tasnifu nyingi za mimea kana kwamba ni faradhi. Mwongozo wa OECD uliokuwa ukikieleza, namba 401, ulifutwa mwaka 2002. Ukiandika leo kwamba utaufuata, unatangaza kuwa hukusoma.

Hatua ya 3: Andaa mchujo unaofanana kila siku

Hapa ndipo miradi mingi hufia, na lawama hupewa kipimo. Majani ya mti wa Bamburi yaliyochumwa wakati wa masika hayalingani na ya mti wa Changamwe yaliyochumwa Januari. Chagua mti mmoja au miti michache, andika mahali, tarehe na saa, kisha kausha tawi lenye majani na maua likatambuliwe na mtaalamu wa mimea na kuhifadhiwa kwa namba.

Kausha majani kivulini, si juani. Mombasa hewa yake ni nzito. Wakati wa mvua majani yanaweza kukaa siku kumi na bado yakawa laini, na ukungu ukaingia katikati ya rundo usiuone. Ukungu una sumu zake, na utakuja kuuandikia mwarobaini madhara usiyoyafanya. Tandaza tabaka jembamba, geuza kila siku, au tumia oveni ya maabara kwenye nyuzi 40. Majani yawe yanavunjika kwa kelele kabla ya kuyasaga.

Loweka unga kwenye ethanoli ya asilimia 70, saa 48, ukitikisa mara kwa mara. Chuja, vukiza ethanoli yote, pima uzito. Tengeneza mkupuo mmoja mkubwa utakaotosha vipimo vyote, ugawe kwenye vichupa vidogo, uweke kwenye friza. Ukiishiwa katikati ukatengeneza mwingine, umeanza utafiti mpya.

Hatua ya 4: Anza na kompyuta

Orodhesha molekuli zinazojulikana kuwa ndani ya jani: nimbolaidi, kwasetini na wenzake. Kila moja itafute PubChem, unakili mstari wake wa herufi uitwao SMILES, ule unaoeleza umbo la molekuli. Ubandike kwenye SwissADME uone kama molekuli ina ukubwa na tabia ya kupenya, kisha kwenye ProTox upate makisio ya sumu. Programu ya OECD iitwayo QSAR Toolbox nayo ni ya bure, ila inataka kompyuta ya Windows na uvumilivu.

Azadiraktini, ile sumu maarufu ya wadudu, ina uzito wa molekuli wa takribani 720, imepita mbali ule mpaka wa 500 ambao watengenezaji dawa huutumia kukisia kama molekuli itapenya vizuri. Tena imejaa zaidi kwenye kokwa kuliko kwenye jani. Tayari umejifunza jambo la maana, na hujaondoka kitini.

Lakini usiipe kompyuta imani isiyostahili. Inakisia molekuli moja moja kwa kuzilinganisha na zilizowahi kupimwa. Mchujo wako ni pilau: ukijua ladha ya bizari peke yake na karafuu peke yake hujajua ladha ya sufuria. Matokeo yake yakusaidie kuchagua ukolevu wa kuanzia, basi.

Hatua ya 5: Viluwiluwi vya maji ya chumvi

Artemia ni vijidudu vya jamii ya kamba, vidogo kama punje ya chumvi, vinavyoishi kwenye maji makali ya chumvi. Pwani yetu vipo: vilipandwa kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Malindi katika miaka ya 1980. Mayai yake makavu huuzwa kwa wafugaji wa samaki na kamba.

Niseme ukweli, hawa nao ni wanyama. Sheria nyingi za utafiti huhesabu wenye uti wa mgongo, pamoja na pweza na ngisi, na viluwiluwi hivi haviingii. Mimi nakitumia kipimo hiki kama chujio la kwanza tu, na mwanafunzi asiyekitaka simlazimishi. Anaruka kwenda kwenye seli.

Utaratibu ni huu. Chota maji ya bahari mbali na gati na midomo ya maji taka, yachuje, au changanya gramu 35 hadi 38 za chumvi ya bahari kwa lita moja. Mwaga mayai, pitisha hewa kwa pampu ya tangi la samaki, washa taa. Joto la Mombasa linakufanyia kazi bure. Baada ya saa 24 hadi 48 yameanguliwa. Watoto hukimbilia mwanga, wanyonye hapo kwa pipeti.

Yeyusha mchujo kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, miligramu 100 kwa mililita moja. Ukichukua mikrolita 50 za hiyo ukatia kwenye mililita 5 za maji ya chumvi, una mikrogramu 1000 kwa mililita, na DMSO ni asilimia 1. Shuka hadi 100, kisha 10, ukihakikisha DMSO inabaki sawa kila kichupa. Tia watoto kumi kila kichupa, vichupa vitatu kila ukolevu. Weka vichupa vya DMSO peke yake, na vya daikromati ya potasiamu kama sumu inayojulikana. Hesabu waliokufa baada ya saa 24. Kwenye vichupa visivyo na mchujo wakifa zaidi ya mmoja kati ya kumi, mwaga yote uanze upya.

Tangu Meyer na wenzake walipokieleza kipimo hiki mwaka 1982, mpaka unaotumiwa ni 1000: mchujo unaoua nusu kwa ukolevu ulio chini ya hapo huhesabiwa una makali.

Hatua ya 6: Seli

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, kwa hiyo tukae.

Kwa ngozi tafuta HaCaT, seli za tabaka la juu la ngozi ya mtu. Kwa ini, HepG2. Kwa kuanzia, Vero hazina makuu. Vero zilitoka kwenye figo ya tumbili mmoja wa Afrika, huko Japani mwaka 1962. Ndugu za hao wanaoiba ndizi mezani kwenye mahoteli ya Diani. Seli za tumbili yule mmoja zinagawanyika hadi leo kwenye maabara za dunia nzima, na chanjo ya polio hutengenezwa juu yake.

Utahitaji kabati la hewa safi, inkubeta ya nyuzi 37 yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, hadubini iliyogeuzwa, na mashine ya kusoma rangi kwenye visahani vya visima 96. Huna? Usinunue. Omba siku za kazi kwenye maabara iliyonavyo; wengi hukubali ukija na vifaa vyako vya kutumia na kutupa, na ukija na adabu. Seli za akiba hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ukikosa pa kuipata kaulize wahudumu wa uhimilishaji wa ng'ombe, kwa sababu mbegu za mafahali huhifadhiwa humo humo.

Stima ndiyo adui yako mkubwa. Nilipoteza seli za miezi minne wikendi moja ya Idd: umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta ikagoma, na mwenye ufunguo alikuwa Lamu kwa jamaa zake. Tangu siku hiyo seli zangu za akiba ziko majengo mawili tofauti, na namba ya simu ya mwenye ufunguo imebandikwa mlangoni.

Panda seli 10,000 kila kisima, uziache saa 24 zishike. Tia mchujo kwa ukolevu sita au saba, kila mmoja visima vitatu, DMSO isizidi asilimia 0.5. Baada ya saa 24 au 48, tia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Mosmann aliieleza mwaka 1983. Subiri saa tatu au nne, ondoa maji, yeyusha zambarau kwa DMSO, soma kwenye nanomita 570. Kisima chenye zambarau iliyoiva kina seli hai wengi.

Sasa sikiliza jambo ambalo tasnifu nyingi za mimea hulikosa. Mwarobaini una vitu vinavyozuia uoksidishaji, na vitu hivyo huweza kuigeuza MTT kuwa zambarau vyenyewe, bila seli hata moja. Seli zimekufa zote, mashine inasema ziko hai asilimia 120, nawe unaandika kwamba dawa inakuza seli! Isitoshe, rangi ya kijani ya jani nayo husomwa na mashine. Kinga yake ni rahisi: weka visima vyenye mchujo na MTT bila seli, utoe thamani yake kwenye hesabu, suuza seli kabla ya kutia MTT, na rudia kwa rangi nyingine, kama vile ile nyekundu iitwayo neutral red, inayohifadhiwa na seli hai tu. Vipimo viwili vikikubaliana, lala usingizi.

Mwarobaini huo huo unaweza kuwa unapimwa dhidi ya malaria. Hapo nako panya wenye malaria ya panya si lazima kwa uchunguzi wa mwanzo: Trager na Jensen walionyesha mwaka 1976 jinsi ya kukuza vimelea vya mtu, Plasmodium falciparum, kwenye damu ya mtu ndani ya chupa. Ukolevu unaoua nusu ya seli ukiugawanya kwa unaoua nusu ya vimelea, unapata namba inayokwambia kama dawa inachagua adui au inapiga kila aliye mbele yake.

Na jambo moja linalotuaibisha sote. Chakula cha seli hutiwa seramu ya ndama aliye tumboni, inayokingwa ng'ombe mjamzito anapochinjwa. Ipo seramu inayotengenezwa kwa chembe-sahani za damu ya watu, na vipo vyakula visivyo na seramu kabisa, lakini bei hupanda na seli huchukua muda kuzoea. Ukitumia ya ndama, iandike, usiifiche nyuma ya herufi tatu, FBS. Vilevile kumbuka seli za HeLa, za mwaka 1951, zilitoka kwa Henrietta Lacks bila yeye kuombwa ruhusa. Kumwacha panya hakutuondolei deni kwa mwanadamu.

Hatua ya 7: Jicho na ngozi

Mwaka 1944 Mmarekani John Draize alieleza kipimo cha kutia kemikali kwenye jicho la sungura aliye hai na kulitazama siku kadhaa. Hiki ndicho kipimo ninachofurahi zaidi kukiona kikiondoka, na ndicho kilicho rahisi kukiepuka Mombasa.

Njia ya kwanza ni macho ya ng'ombe kutoka kichinjioni, OECD 437. Ng'ombe alishachinjwa kwa ajili ya nyama, hukuongeza kifo. Nenda mapema, zungumza na mkaguzi wa nyama kwa heshima, mweleze unachotaka na uchukue kibali chake. Macho yatiwe kwenye maji ya Hanks, yaani maji yenye chumvi zilizopimwa, pamoja na viuavijasumu, juu ya barafu, yatumike siku iyo hiyo. Tupa lenye mkwaruzo. Konea huwekwa kwenye kishikizo, hupakwa kitu kinachopimwa, kisha unapima ukungu wake na jinsi rangi ya fluoresini inavyopenya. Alama isiyozidi 3 ni salama. Iliyozidi 55 ni hatari kubwa kwa jicho. Katikati kipimo hiki peke yake hakitoi hukumu.

Mashine ya kupima ukungu wa konea ni adimu. Kwa hiyo wengi wenu nawaelekeza njia ya pili: yai. Tafuta mayai yenye mbegu kutoka kwa mfugaji mwenye jogoo. Ya dukani hayafai. Yaweke kwenye inkubeta ya mayai nyuzi 37.5 hadi siku ya tisa, ukiyageuza. Yamulike kwa tochi, yasiyo na mishipa yatoe. Kata ganda upande wenye nafasi ya hewa, lowesha utando wa ndani kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, uutoe taratibu kwa koleo. Chini yake utaona mtandao wa mishipa myekundu, na mara ya kwanza kila mtu hunyamaza.

Tia mililita 0.3 za mchujo, washa saa, tazama sekunde 300. Andika sekunde ya kutoka damu (D), ya mishipa kuyeyuka (Y), na ya kuganda (G). Hesabu:

(301 − D) ÷ 300 × 5, jumlisha (301 − Y) ÷ 300 × 7, jumlisha (301 − G) ÷ 300 × 9.

Kisichotokea ni sifuri. Jumla iliyo chini ya 1 haina mwasho, hadi 4.9 ni kidogo, hadi 8.9 ni wastani, 9 hadi 21 ni mkali. Weka mayai ya maji ya chumvi upande mmoja na ya soda kali ya 0.1 M upande mwingine. Rekodi kwa simu, ili mtu wa pili asome bila kujua ni yai gani. Ukimaliza, mayai yaingie friza mara moja.

Kwa ngozi, kipimo kamili ni 439: vipande vya ngozi ya mtu vilivyokuzwa maabara, vinavyouzwa kama EpiDerm au EpiSkin. Seli zikibaki hai asilimia 50 au pungufu baada ya kupakwa, kitu hicho kinawasha. Ni kipimo kizuri, ila vipande vinaishi siku chache tu, na mzigo ukikwama forodhani wiki moja umenunua maiti. Usiagize kabla hujazungumza na wakala wa mizigo, makaratasi yote yakiwa tayari. Ukishindwa kifedha, tumia HaCaT, na uandike wazi kwamba hujafanya 439.

Madhara ya mwanga, 432, hufanywa kwa visahani viwili vya seli vilivyo sawa, kimoja gizani, kingine chini ya taa maalumu ya mwanga wa jua, kisha unalinganisha. Mzio, ambao zamani ulipimwa kwa simbilisi, leo una mwongozo 497 wa mwaka 2021 unaounganisha vipimo vya kemikali, seli na kompyuta. Kwa shahada ya kwanza utaje tu kama kazi ijayo.

Kupasuka kwa chembe za damu ni kazi ya asubuhi moja: damu kidogo ya mtu aliyetia sahihi fomu ya ridhaa, chembe zioshwe, zichanganywe na mchujo saa moja kwenye nyuzi 37, zizungushwe, maji ya juu yasomwe kwenye nanomita 540. Triton X-100, sabuni inayopasua chembe zote, ndiyo asilimia mia.

Hatua ya 8: Pale mbadala unapokomea

Mstari wa mjamzito bado mtupu kwenye karatasi yako. HepG2 nazo, ingawa ni za ini, vimeng'enya vyake vya kuchakata dawa ni hafifu, kwa hiyo sumu inayozaliwa baada ya ini kuivunja dawa inaweza kukuponyoka. Vipo vipande vya seli za ini vilivyojengwa kwenye plastiki ndogo kama fleshi ya kompyuta. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Emulate ya Boston walivijaribu kwa dawa 27, vikanasa asilimia 87 ya zile zenye sumu ya ini bila kuisingizia hata moja iliyo salama. Vizuri sana, lakini usiviandike kwenye bajeti ya mradi wa chuo.

Ushauri wangu ni kupunguza dai, usiongeze mnyama. Andika kwamba mafuta hayajapimwa kwa wajawazito wala kwa matumizi ya muda mrefu, na kibandiko cha chupa kiseme hivyo hivyo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana haja ya kulijibu swali la kampuni ya dawa.

Na kama kweli mnyama ni lazima, basi sheria ipo: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka leseni kwa majaribio. Pata kibali cha kamati ya taasisi yako na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tumia mwongozo 423 au 425, ambao hupima wanyama wachache hatua kwa hatua, na mwone mtu wa takwimu kabla ya kununua, si baada ya kuua.

Hatua ya 9: Mbele ya kamati na msimamizi

Utaulizwa: "Bila panya, hii ni sayansi kweli?" Usibishane. Jibu kwa mifano. Mwaka 2006, London, vijana sita walidungwa dawa ya TGN1412 kwa kipimo kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama, tumbili wakiwemo. Wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi. Umoja wa Ulaya uliziba soko lake kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013. Desemba 2022 Marekani ilibadili sheria yake, dawa mpya isilazimike kupitia kwa mnyama kabla ya kujaribiwa kwa watu.

Kisha wape ile karatasi ya Hatua ya 1, imepigwa chapa vizuri, kila swali na kipimo chake na namba yake ya OECD. Kwenye kamati za huku mara nyingi huketi mtu asiye wa sayansi, pengine mwalimu wa dini. Yeye usimfundishe. Kila aliyepita chuo cha Kurani Mombasa anakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa, na mara nyingi ndiye atakayekuelewa kabla ya maprofesa.

Omba vibali vya damu ya watu mapema kuliko vyote, kwa kuwa huchelewa. Barua ya kichinjioni, risiti ya mayai, na cheti cha seli kinachoonyesha hazina mikoplasma, bakteria wadogo wanaochafua seli, viambatishe nyuma. Na ule mkupuo wa mchujo usiumalize: acha angalau gramu 20 kwenye chupa ya kahawia iliyozibwa, na vifuko vya kukausha unyevu ndani, na kibandiko chenye mti, tarehe na mahali, kwa sababu mtahini wa nje ana haki ya kukwambia urudie kipimo kimoja mbele yake.